Zizi Lililovunjika Halijengwi kwa Hotuba

Ndugu wanachama, na ninyi ndugu mnaotupenda ijapokuwa bado hamjachukua kadi,

Wiki hii hatutaandika habari za mkutano mkubwa, wala za mgeni aliyepokewa kwa ngoma na mashada ya maua. Twataka kuandika habari za mazizi. Wako watakaocheka. Watasema gazeti la Chama limeishiwa na maneno hata limeanza kuzungumza samadi na miiba. Nao wacheke. Lakini wakiisha kucheka watoke nje, wazunguke nyumba zao, watazame nguzo zilizolala chini, miiba iliyooza, na lango lililofungwa kwa kipande cha kamba ya katani; halafu warudi watuambie kama jambo hili ni dogo.

Kila masika yakiisha tunayaona yale yale. Mchwa wamekula nguzo, mvua imelainisha udongo, na zizi lililokuwa limesimama mwezi wa Februari mwezi wa Juni limepiga magoti. Ng'ombe analala katika tope linalofika magotini, kwato zinaoza, na chuchu zinaingia uchafu hata maziwa yanaharibika kabla hayajakamuliwa. Alfajiri mbuzi wametoka. Wamekwenda wapi? Wamekwenda katika mahindi ya jirani. Jirani anashika fimbo, mwenye mbuzi anashika panga, na ifikapo saa nne wote wawili wako mbele ya ofisi ya kijiji, watu waliozikana wazazi wao, wakitukanana kwa sababu ya nguzo moja iliyooza. Na usiku fisi haombi ruhusa, wala mwizi habishi hodi.

Nani aliyevunja mazizi yetu? Mchwa, naam. Mvua, naam. Lakini mchwa na mvua walikuwapo tangu zama za babu zetu, na babu zetu walikuwa na mazizi. Sisi twasema kuna wavunjaji wengine wawili: uzembe wetu wenyewe, na maneno ya wale wanaotaka tuamini kwamba mfugaji mdogo amepitwa na wakati, na kwamba heri ardhi yake apewe mtu mwenye fedha anayejua kufuga. Maneno hayo si mapya. Tumepata kuyasikia, tena tuliyalipia.

KUMBUKENI ENGARE NANYUKI

Nani amesahau mwaka 1951? Upande wa kaskazini wa Mlima Meru, mahali paitwapo Engare Nanyuki, yaani maji mekundu kwa Kimasai, Wameru walikuwa na nyumba zao, mazizi yao na malisho yao. Serikali ya Kikoloni ikaamua kwamba nchi ile ikatwe iwe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu, wafuge ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Sababu iliyotolewa ndiyo ile tunayoisikia tena leo: kwamba mlowezi ndiye atakayeitumia ardhi vizuri, na Mwafrika ataiharibu.

Tarehe 17 Novemba 1951 askari wakaingia. Watu wapatao 3,000 wakafukuzwa, nyumba zikachomwa moto, na mifugo ikaswagwa kupelekwa kwingine. Wenyewe wakaambiwa waende Kingori, mahali walipokwisha kupakataa kwamba hapawafai wao wala wanyama wao. Tafakarini neno hili, ndugu zetu: mtu anavunjiwa zizi lake na yule yule asemaye kwamba mtu huyo hajui kufuga!

Wameru hawakupiga magoti. Walichanga fedha, senti kwa senti, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, akaueleza ulimwengu habari za moto ule. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini alirudi na jambo ambalo mkoloni hakulitaka, nalo ni watu wa Tanganyika kujua kwamba shauri la wafugaji wa mlima mmoja laweza kuwa shauri la nchi nzima. Miaka 2 haijapita sana, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa. Wanaodhani kwamba siasa ya uhuru ilianzia katika vyumba vya mikutano hawajui historia yao. Sehemu moja ya siasa hiyo ilianzia katika majivu ya zizi.

Leo Ngarenanyuki ni kata katika Wilaya ya Meru. Watu wanalima nyanya na vitunguu, wanafuga, wanaishi. Mlowezi amekwenda. Lakini maneno yake yamebaki, na siku hizi yanasemwa na watu wenye ngozi kama yetu, waliovaa tai, tena wengine wana kadi mfukoni.

WANATUAMBIAJE?

Wanatuambia kwamba ufugaji mdogo hauna faida. Wanatuambia ardhi ya vijiji imelala bure. Sikilizeni kwa makini neno hilo "imelala bure," kwa maana si tusi tu, ni mlango. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka ule ule, haina maneno hayo katika maana yake. Basi wanasheria wabishane. Sisi wakulima tunaona hatari iliko. Shamba ambalo zizi lake limeanguka, mipaka yake haijulikani, na malisho yake hayana hata mche mmoja wa alama, ni rahisi sana kwa mtu kusimama barabarani, kunyosha kidole na kusema: "Hapa hapatumiki."

Ndiyo maana twasema ua wa michongoma si pambo. Ni shahidi. Mtu aliyepanda ua, akachimba shimo la samadi, akaotesha majani ya kulisha ng'ombe, na akaomba hati yake ya hakimiliki ya kimila katika kijiji, huyo haambiwi kirahisi kwamba ardhi yake imelala. Wachaga na Wameru tangu zamani hupanda masale katika mpaka, na mtoto mdogo anajua kwamba sale haling'olewi ovyo. Je, tumekuwa wajinga kuliko babu zetu?

Wengine watatuambia kwamba uzio ni jambo la kizungu. Ni kweli kwamba seng'enge ilitoka mbali. Mmarekani Joseph Glidden alipata hati ya kuitengeneza mwaka 1874. Na ni kweli kwamba Waingereza waliitumia kufungia watu. Waliwafungia familia za Makaburu katika vita vya 1899 hadi 1902, na katika Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyoanza mwaka 1952, zaidi ya watu milioni moja waliingizwa kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Haya hatuyasahau. Lakini zizi si la Mzungu. Boma la miiba lilikuwapo kabla ya meli yake kuonekana pwani. Mnyaa ulikuwa ua wetu kabla waya haujavumbuliwa. Waya ni chombo tu. Ukimfungia mtu, ni dhuluma; ukimzuia fisi asile ndama, ni akili.

TUSEME UKWELI JUU YETU WENYEWE

Gazeti la Chama lisilowaambia wanachama ukweli ni kama mbwa asiyebweka. Kwa hiyo twasema wazi: si kila zizi lilivunjwa na mkoloni. Katika miaka ya 1974 hadi 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa kwa haraka, na mazizi, miti na mashimo ya samadi vikaachwa nyuma. Kule Shinyanga ngitili, yaani malisho yanayotengwa na wenyeji ili yawasaidie wakati wa kiangazi, yalipungua mno. Kosa lilikuwa nini? Lilikuwa kuamua bila kumwuliza mwenye ng'ombe.

Lakini tazameni dawa iliyopatikana. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukamrudia mwenyeji na kanuni zake za zamani. Ngitili ambazo zilikuwa zimebaki hekta mia chache katika hesabu za mwanzo zikafika zaidi ya hekta 300,000. Hakuna aliyeagiza nyasi kutoka ng'ambo. Watu walikubaliana tu kwamba hapa hapaliswi mpaka mwezi fulani, na atakayevunja atatozwa. Huo ndio uzio wa kwanza: mapatano. Pasipo mapatano hata waya wa nyuzi kumi utakatwa usiku.

Na pasipo mapatano damu humwagika. Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni katika Wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba zizi peke yake lingaliuzuia msiba ule; mzizi wake ulikuwa mrefu, wa ardhi na maji na haki. Lakini tunasema kwamba ugomvi wa namna hiyo huanza na mnyama aliyeingia mahali ambapo hakutakiwa, na mtu aliyeona kwamba hakuna wa kumsikiliza.

Neno jingine, nalo litawauma baadhi yetu. Tumewaona wenzetu wenye uwezo, wanaokaa viti vya mbele katika mikutano, ambao wakipata waya huzungushia si shamba lao tu, bali na mapito ya ng'ombe ya kijiji, na njia ya kwenda kisimani, na kipande cha malisho ya wote. Hao hawajengi zizi; wanajenga ulowezi mdogo. Chama hakikupigania uhuru ili mlowezi abadilishe rangi. Wanyama wetu wana kupe wa majani, na kijiji chetu kina kupe wa namna hii; wote dawa yao ni josho. Josho la hao wa pili ni mkutano mkuu wa kijiji, ambapo kila mtu ana sauti moja. Waitwe, waulizwe, na waya ung'olewe mchana, watu wakitazama.

SASA TUJENGE: HESABU YENYEWE

Wako watakaosema, "Maneno mazuri, lakini waya ni ghali." Ni kweli. Basi na tufanye hesabu pamoja, kwa sababu mfanyabiashara naye anaifanya.

Shamba la mita 70 kwa mita 60 limepita ekari moja kidogo. Mzunguko wake ni mita 260. Ukitia nyuzi 4 za seng'enge utahitaji mita 1,040 za waya, na ukisimamisha nguzo kila mita 2 na nusu utahitaji nguzo 104. Majirani wanne, kila mmoja akijizungushia peke yake, watalipia mita 1,040 za uzio. Lakini mashamba hayo manne yakiwa yamepakana, mawili mbele na mawili nyuma, mzunguko wa nje wa yote ni mita 520 tu! Nusu nzima ya gharama imeondoka, na mipaka ya ndani, ambayo ni mita 260, itapandwa masale au michongoma kwa jasho tu. Ndugu, huu ndio ushirika. Si neno la kupigia makofi. Ni mita 520 za waya ambazo hukununua.

Mtu mmoja katika mkutano wetu alisimama akapinga, akasema, "Fahali wawili hawakai zizi moja." Tulimjibu: umesema kweli kuhusu fahali. Sisi hatukusema tuchanganye mazizi. Tumesema tushirikiane uzio. Kila mtu atabaki na lango lake na ng'ombe wake.

Tena si lazima kila mahali pawe waya. Mnyaa hupandwa kwa vipande vya matawi: vikate, uviache kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke, kisha vichomeke karibu karibu mvua zinapoanza. Ila mjihadhari, utomvu wake ukiingia machoni ni hatari. Watoto wasitumwe kazi hiyo. Michongoma hukua polepole zaidi, nayo yataka uvumilivu wa miaka kadhaa, lakini ikifumana hata mbuzi mwenye kiburi hurudi nyuma. Wahenga walisema ukipanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Basi mwizi naye na aicheze ngoma hiyo. Mkonge nao ni mzuri mahali pakavu. Na wenzetu wa Simanjiro wametufundisha jambo jingine: wanasimamisha magogo hai ya miti inayochipua, wanayafungia waya wa wavu, na kadiri miaka inavyopita nguzo zinazidi kuota mizizi badala ya kuoza. Nguzo inayoota, mchwa ataifanya nini?

Mahali panapotakiwa nguzo kavu, zizikwe futi 2 kwenda chini na zipakwe oili chafu sehemu ya kuzikwa. Nguzo za pembeni zitiwe mhimili, kwa sababu uzio wote hufa kwa kuanguka pembe. Na lango, ndugu zetu, lango! Mtu anajenga ukuta wa kumzuia simba, halafu anafunga lango kwa gunia. Fisi hana haja ya kuruka ukuta ikiwa mwenye nyumba amemwachia mlango.

Zizi la ng'ombe wa maziwa lisiwekwe bondeni bali penye mteremko kidogo, ili mkojo na maji viende katika shimo la samadi, wala si katika kisima. Kila ng'ombe apate mahali pake pa kulala, palipo pakavu, karibu futi 7 urefu na futi 4 upana. Paa lifunike hori na malazi. Ndama akae peke yake. Banda la mbuzi liinuliwe futi 3 au 4 kutoka chini, na fito za sakafu ziachane kiasi cha sentimita moja na nusu, mavi yapite lakini mguu usinase. Pembeni pandeni mabingobingo na lusina. Ng'ombe mmoja hutoa zaidi ya kilo 10 za mavi mabichi kwa siku moja. Mfugaji ambaye mavi hayo yanapotea porini, halafu anakopa fedha za mbolea ya mfuko, anatajirisha wengine kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa twataka kuondoa shaka moja. Wazee wanakumbuka kwamba katika miaka ya 1950, hasa Usukumani, watu walipinga amri za mkoloni za kupunguza ng'ombe na za namna ya kulima, na Chama kikasimama pamoja nao. Vijana wengine sasa wanasema, "Tulipigana tusiamriwe, kwa nini mnatuambia tena mambo ya samadi na mazizi?" La hasha! Watu wale hawakuikataa samadi. Waliikataa faini. Walikataa mtu ahesabu ng'ombe wao bila kuwauliza, kisha awafunge. Leo hakuna anayewafunga. Basi ikiwa kazi nzuri tuliifanya kwa kuogopa kiboko, na kiboko kilipoondoka tukaiacha, tutakuwa tumemthibitishia mkoloni tusi lake kwamba hatufanyi kazi ila kwa kulazimishwa. Je, tunataka kumpa ushindi huo, miaka yote hii baada ya kuondoka?

MADAI YETU

Kazi ya mikono ni yetu. Lakini iko kazi ambayo si yetu, na hiyo tunaidai kwa sauti. Bwana Mifugo aonekane zizini, si katika ripoti tu. Ndama wanakufa kwa ndigana huku chanjo inazungumzwa katika semina. Mapito ya mifugo yapimwe na kuandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kila kijiji. Hati za kimila zitolewe bila mwananchi kuzungushwa miezi na miezi. Na asiwepo kiongozi yeyote atakayeahidi waya wakati wa kura, akaja na hotuba baada ya kura.

Nasi kwa upande wetu, kila tawi lifanye hivi: lihesabu mazizi yaliyoanguka, likianza na la mjane na la mzee asiye na mtoto nyumbani. Litenge siku moja katika juma kwa msaragambo. Kila mwanachama alete nguzo 2 na vipande 20 vya mnyaa. Mwenyekiti wa tawi awe wa kwanza kushika sururu, na kama zizi lake mwenyewe limelala, basi asifungue mkutano mpaka alisimamishe.

Mwaka 1951 walikuja na moto, wakasema hatujui kufuga. Wakija tena, kwa moto au kwa karatasi, na watukute na nini? Wakitukuta na nguzo zilizolala, tutakuwa na majonzi tu ya kuwaonyesha. Wakitukuta na ua uliofumana, shimo la samadi lililojaa, hati mkononi na jirani pembeni yetu, watageuka wenyewe njiani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tunauona, ndugu zetu. Sururu ziko wapi?

Uhuru na Kazi!